Mtu ni wa Wapi: Alikozaliwa au Alikofanya Makao?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na Masahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zetu wasomaji, somo letu la mara hii limetokana na suala lililoletwa darasani. Tumeona ni heri kulijibu kwa maandishi, kwa kuwa wenye haja nalo ni wengi kuliko waliohudhuria siku hiyo.

SUALA: Mtu alizaliwa Ngazija, akaja Mombasa naye ni kijana, akaoa mwanamke wa hapa, akajenga, akazaa watoto, akakaa miaka arubaini mpaka akafa. Jamaa zake wa kule wakataka maiti isafirishwe ikazikwe "kwao". Na mwanawe mkubwa, aliyezaliwa papa hapa, aliponena neno katika kikao cha msikiti juu ya mapato ya wakfu, akaambiwa: "Wewe nyamaza, huu si mji wenu." Je, yule baba alikuwa mtu wa wapi? Na huyu mwana ni mtu wa wapi? Ni kitu gani kimfanyacho mtu kuwa wa mahali: kuzaliwa hapo, au kukaa hapo?

JAWABU: Twasema, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu: suala hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna haki za watu, na heshima zao, na umoja wa jamaa nzima ya Waislamu. Kwa hivyo tutalijibu kwa utaratibu, jambo baada ya jambo, mpaka haki idhihiri.

1. MAMBO MATATU YASIYOKUWA KITU KIMOJA

Asili ya mzozo huu ni kuchanganya mambo matatu kwa jina moja. Mtu akiulizwa "Kwenu ni wapi?", muulizaji huenda ataka kujua nasaba yake, au mahali alipozaliwa, au makao yake. Hayo ni matatu mbali mbali, na kila moja lina hukumu yake.

Nasaba ni kujua baba wa mtu na babu zake. Hii haibadiliki kwa safari wala kwa kukaa. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao waliowazaa, ndipo Zaid akarejeshewa jina la baba yake Haritha baada ya watu kumwita mwana wa Muhammad. Na katika Hadithi zilizo sahihi limekuja onyo kali kwa mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ajua.

Mahali pa kuzaliwa napo hapabadiliki. Lakini hapana mtu aliyepachagua. Mtoto huzaliwa alipokuwa mama yake siku hiyo, nyumbani au safarini, mjini au chomboni.

Makao ndiyo yabadilikayo. Mtu huyaingia kwa nia yake na kwa kitendo chake: hutafuta nyumba, huoa, hulima au hufanya biashara, husali na watu wa hapo na kuzika nao. Kwa kuwa makao ni jambo la hiari, ndiyo yaliyofungamana na wajibu mwingi. Basi mwenye kusema "mtu ni wa alikozaliwa" na mwenye kusema "mtu ni wa alikokaa" huenda wote wawili wana haki, ikiwa kila mmoja ajibu suala lake. Kosa ni kulitwaa jibu la suala moja na kulitumia kwa suala jingine.

2. MTUME (S.A.W.) NA MIJI YAKE MIWILI

Hapana mfano ulio bora kuliko wa Bwana Mtume. Yeye alizaliwa Makka, na nasaba yake ni ya Makureshi wa Makka. Alipotoka kuhama, mwaka 622, aliuelekea mji huo akaapa kwamba ndio ardhi aipendayo Mungu kuliko zote, na kwamba lau hakutolewa na watu wake, asingetoka. Hadithi hii imepokewa na Tirmidhi. Basi kupapenda ulikozaliwa si aibu wala si upungufu wa dini. Na Qur'ani yenyewe, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 66, yakutaja kutoka majumbani pamoja na kujiua nafsi, ili tujue uzito wa jambo hilo kwa binadamu.

Walipofika Madina, Abubakar na Bilali walishikwa na homa. Bilali akawa, homa imwachapo, hupaza sauti kwa mashairi ya kuyatamani mabonde ya Makka na majani yake. Mtume hakumkemea. Alimuomba Mwenyezi Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Tutazame hekima iliyomo katika dua hii: hakuomba waisahau Makka, bali aliomba mapenzi mapya yaongezwe juu ya yale ya zamani. Moyo wa mtu si chumba cha mpangaji mmoja.

Kisha mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, Makka ikafunguliwa. Ansari, wenyeji wa Madina, wakaingiwa na khofu. Wakaambiana kwamba huyu mtu sasa imemshika huruma ya mji wake na jamaa zake. Mtume akawajibu kwamba uhai wake utakuwa kwao, na mauti yake yatakuwa kwao. Baada ya vita vya Hunain, walipohuzunika kwa kugawiwa wengine ngawira, aliwaambia kwamba lau si Hijra, angelikuwa yeye ni mmoja katika Ansari. Naye akarejea Madina, akafa Madina, akazikwa Madina. Alikuwa na uwezo wa kukaa Makka, mji wa kuzaliwa kwake, mji wa Kaaba, mji aliokwisha kuufungua, wala hakukaa.

Zaidi ya hayo, alipokuwa Makka katika mwaka huo wa ufunguzi alikaa siku kumi na tisa akisali kasri, kama alivyosimulia Ibn Abbas katika Sahihi ya Bukhari. Mtu asali kasri katika mji aliozaliwa! Na Muhajirina wote waliruhusiwa kukaa Makka siku tatu tu baada ya kumaliza ibada ya Hija. Aliyeipokea Hadithi hiyo ni Al-Alaa bin Al-Hadhrami, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Hadhramaut aliyehamia Makka na kufungamana na Makureshi. Basi katika Hadithi hiyo moja, yamkini msomaji akaona safari tatu: ya Hadhramaut kuja Makka, ya Makka kwenda Madina, na jina la zamani lililobaki juu ya mtoto.

3. HUKUMU ZA FIKIHI

Wanavyuoni wa fikihi hawakuliacha jambo hili hivi hivi, kwa kuwa sala na saumu zategemea.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, Ijumaa haiswihi ila kwa wanaume arubaini waliofanya mji ule kuwa makao yao. Na nani huyo? Wamemweleza kuwa ni mtu asiyeondoka hapo, si wakati wa baridi wala wakati wa joto, ila kwa haja. Hawakushurutisha azaliwe hapo. Hawakumuuliza babu yake alizikwa wapi. Mtu aliyezaliwa mbali kisha akafanya makao hapa ahesabiwa katika arubaini. Na mtu aliyezaliwa hapa kisha akafanya makao kwengine, akija kwa ziara ya siku chache, hahesabiwi. Basi fikirini, ndugu zetu: mtu ambaye kwa yeye Ijumaa yetu yatimia, twawezaje kumwambia kwamba msikiti si wake?

Kadhalika msafiri akipita katika mji wenye jamaa zake, nao si makao yake tena, kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa yeye angali msafiri maadamu hakunuia kukaa. Hoja ni hiyo hiyo ya Mtume na Masahaba zake walipokuwa Makka, na jamaa zao walikuwako.

Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wamekwenda njia nyingine, yenye faida kuijua. Wao wasema kwamba watani wa asili wa mtu ni pale alipozaliwa, au alipooa, au alipokusudia kuishi bila ya kuhama. Basi wamepatia mahali pa kuzaliwa heshima yake. Lakini wakasema pia kwamba watani huo hubatilika kwa mwingine mfano wake: mtu akihama na watu wake akafanya makao ya daima kwengine, wa kwanza umekwisha hukumu yake. Kwa hivyo madhehebu mawili yametoka pande mbili yakakutana: kuzaliwa kwaweza kuanzisha jambo, lakini makao ndiyo yahukumuyo.

4. NISBA ZA WANAVYUONI

Wako watu wadhanio kwamba jina la mwisho la mtu, kama Al-Hadhrami, au Al-Barawi, au Al-Farsy, lakata shauri. Hawa na wawaulize wanavyuoni wa Hadithi, ambao kazi yao ilikuwa kupambanua majina ya wapokezi.

Ibn As-Salah, aliyekufa mwaka 643 wa Hijra (1245), katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya Hadithi ameifanya aina ya mwisho, ya 65, kuwa ni kujua miji ya wapokezi. Ametaja humo kwamba Waarabu walikuwa wakinasibishwa na makabila. Ulipokuja Uislamu na watu wakafanya makao katika miji na vijiji, wakaanza kunasibishwa na miji. Na mtu akihama mji hata mji, naye ataka kuitaja yote miwili, na aanze kwa wa kwanza, kisha amalizie wa pili. Na ni vizuri aingize baina yake neno "kisha". Yaani: mtu wa Misri, kisha wa Damascus. Imamu Nawawi naye alisema hayo, akanukuu kutoka kwa Abdullah bin Al-Mubarak na wengineo kwamba mwenye kukaa mji miaka minne hunasibishwa nao.

Miaka minne! Na sisi tuna watu waliokaa arubaini, nao wangali waitwa wageni.

Tutazame neno hilo "kisha". Ni neno dogo, lakini limebeba uadilifu mkubwa. Halimlazimishi mtu kuikana asili yake, wala halimnyimi mji wake wa leo. Imamu Nawawi mwenyewe ndiye mfano wake. Alizaliwa katika kijiji cha Nawa, mwaka 631 wa Hijra, akaenda Damascus naye ni kijana wa miaka kumi na tisa, akakaa huko takriban maisha yake yote ya elimu, kisha akarejea Nawa akafa huko mwaka 676. Ni mtu wa Nawa, kisha wa Damascus.

Na Masahaba watatu watufundishe zaidi. Salman aliitwa Al-Farsi kwa kuwa alizaliwa na kukulia Uajemi: hii ni nisba ya mahali pa kuzaliwa. Bilali aliitwa Al-Habashi, na hali waandishi wa sira wamesema kwamba alizaliwa Bara Arabu: hii ni nisba ya asili ya wazee. Suhaib aliitwa Ar-Rumi, naye ni Mwarabu kwa nasaba. Alitekwa na Warumi akiwa mtoto, akakulia kwao: hii ni nisba ya malezi. Majina matatu ya namna moja, na sababu tatu zisizofanana. Basi atakayetaka kumhukumia mtu kwa jina lake tu atakosea mara nyingi.

Na Imamu wetu Shafii je? Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akalelewa Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akafundisha Baghdad, akafia Misri mwaka 204. Nasaba yake ni ya Makureshi. Hatukusikia watu wa Misri wakimwambia: "Nyamaza, huu si mji wenu." Lau walisema hivyo, leo tungesali kwa madhehebu gani?

5. PWANI YETU

Tukirejea kwetu, mambo ni dhahiri zaidi. Wenyeji wa Mombasa wa zamani wajulikana kwa jina la Thenashara Taifa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Na Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Hebu tuyasome majina hayo kwa utulivu. Pate iko wapi? Faza iko wapi? Hiyo ni miji ya kisiwa cha Pate, upande wa Lamu. Mtwapa na Kilifi nazo ziko nje ya kisiwa cha Mvita. Basi hao tuwaitao wenyeji halisi, hata hawana haja ya kutafutiwa ushahidi mwengine, majina ya mataifa yao yenyewe yasema kwamba wengi wao walitoka pengine wakaja. Walifanya vile alivyofundisha Ibn As-Salah: wakabaki na jina la kwanza, wakawa watu wa mji wa pili. Mpate wa Mombasa ni mtu wa Pate, kisha wa Mvita.

Na elimu yetu ya dini imekuja kwa njia hiyo hiyo. Sheikh Abdulaziz Al-Amawi alizaliwa Barawa, akawa kadhi na mwanachuoni wa Unguja mpaka akafa huko mwaka 1896. Sayyid Saleh bin Alawi Jamalulayl, ajulikanaye kwa jina la Habib Saleh, alitoka Ngazija akakaa Lamu, akafundisha watoto wa wanyonge ambao hawakuwa na wa kuwasomesha. Na leo ni nani wa Lamu amwitaye mgeni? Sheikh Abdalla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, akaifasiri Qur'ani yote kwa Kiswahili, akahamia Kenya akawa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1968, na akafia Maskat mwaka 1982. Jina la ukoo wake ni la Farsi, mazazi yake Unguja, hukumu zake Kenya, kaburi lake Omani. Kila mahali katika hapo pana haki ya kumtaja, na hapana pawezapo kumdai peke yake.

Watu husema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wazee wetu hawakukusudia kumtesa mgeni. Walikusudia kwamba baada ya siku mbili aingie katika kazi ya wenyeji. Lakini mwenye kupewa jembe ana haki katika shamba. Hatuwezi kumpa mtu jembe miaka arubaini, kisha siku ya mavuno tukamkumbusha kwamba yeye ni mgeni.

6. SHERIA YA NCHI

Kwa kuwa wengine huchanganya jambo hili na uraia, yafaa tulieleze kwa mukhtasari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 14, yasema kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku ya kuzaliwa kwake baba yake au mama yake alikuwa raia, sawasawa azaliwe ndani ya Kenya au nje yake. Basi hata huo uitwao uraia wa kuzaliwa haukufungamana na mahali, umefungamana na wazazi. Na kifungu cha 15 chamruhusu aliyeolewa au aliyeoa raia, ndoa ikatimia miaka saba, au aliyekaa nchini kwa halali miaka saba mfululizo na kutimiza masharti, kuomba asajiliwe. Basi sheria nayo, kama fikihi, yatambua mlango wa makao.

Lakini sheria ikiandikwa, bado yataka watu wa kuitekeleza kwa insafu. Twajua yaliyowapata Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Walizaa na kuzikana hapa, bila ya kitambulisho, mpaka walipotambuliwa mwaka 2016. Na Wapemba wa pwani yetu, wavuvi wa Kilifi na Kwale, walingoja mpaka mwaka 2023. Mtu asiye na kitambulisho ana taabu ya kusajili chombo chake, na ya kufungua akaunti ya benki, na ya kusafiri, na mwanawe akifika mwisho wa masomo mlango hufungwa mbele yake. Hao wote walikuwa jirani zetu, twasali nao safu moja na twanunua samaki wao. Ni wangapi katika sisi waliosimama nao? Neno "si wa hapa" likitoka mdomoni huonekana jepesi; likiingia katika daftari la serikali, laweza kuwanyima haki watu wa vizazi vitatu.

7. MAKOSA MAWILI

Katika jambo hili watu wa miji yetu wamekosea kwa pande mbili.

Kosa la kwanza ni la mwenyeji ajifakhirishaye. Yeye hakufanya lolote ila kuzaliwa, na kuzaliwa si amali yake. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kwamba tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mchaji wetu. Na Sura ya Al-Hashr, aya ya 9, yawasifu Ansari kwamba waliwapenda waliohamia kwao na wakawatanguliza juu ya nafsi zao ijapokuwa wao wenyewe walikuwa na dhiki. Mwenyezi Mungu hakuwasifu Ansari kwa kuzaliwa Madina. Amewasifu kwa walivyompokea aliyekuja.

Kosa la pili ni la aliyehamia, naye twamwambia kwa upole lakini kwa uwazi. Yuko mtu akaaye hapa umri wake wote, apata rizki hapa, asomesha watoto hapa, lakini ukimwita kutengeneza kisima, au madrasa, au ukuta wa makaburi, husema: "Mimi si wa hapa, kwetu ni ng'ambo." Fedha yake ya kujenga yaenda ng'ambo, na lawama zake zabaki hapa. Huyu ataka haki za mwenyeji na udhuru wa msafiri. Na jirani yake ni yule ambaye, kwa kutaka kuheshimiwa, hujitungia nasaba ya mbali isiyokuwa yake, akawakana babu zake wa hapa waliomlea. Onyo la Hadithi tuliyoitaja lamfika. Methali yetu husema "Mwacha asili ni mtumwa". Nayo haina maana kwamba mtu asihame, bali kwamba asiikane asili.

Na hapa yatupasa kutanabahisha: maneno mashuhuri yasemwayo kuwa ni Hadithi, kwamba kuipenda nchi ni katika imani, hayakuthibiti kwa Mtume. As-Saghani ameyahesabu katika yaliyozuliwa, na As-Sakhawi amesema hakuyapata. Kupenda nchi ni tabia ya binadamu, na yaweza kuwa njema. Lakini tusimzulie Mtume neno ili kuitia nguvu hoja yetu. Kisa cha Bilali na dua ya Mtume juu ya Madina, ambavyo ni sahihi, vyatutosha.

8. JAWABU LA SUALA LENYEWE

Sasa twaweza kujibu kwa ufupi.

Ama yule baba, alikuwa mtu wa Ngazija, kisha wa Mombasa. Kwa kuzaliwa ni wa kule, na haki ya jamaa zake wa kule ya kuungwa udugu haikukatika, wala watoto wake wasiikate. Kwa makao alikuwa ni wa hapa, na hukumu zake zote za sala zilikuwa za mtu wa hapa.

Ama maziko, sunna ni kuharakisha. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamekataza kumhamisha maiti kumpeleka mji mwengine: wengine wamesema ni haramu, na wengine kwamba ni makuruhu, ila akiwa karibu na Makka, au Madina, au Baitul-Mukaddas. Basi azikwe pale alipofia, baina ya Waislamu wenziwe. Wenye kumpenda, dua yao itamfika popote walipo, na gharama ya kusafirisha jeneza ni bora watoe sadaka kwa ajili yake.

Ama yule mwana, kazaliwa hapa, na mama yake ni wa hapa, na makao yake ni hapa. Hana "kisha" hata ya kutafutiwa. Kumwambia kwamba huu si mji wake ni uwongo kabla ya kuwa ni tusi, na aliyesema hivyo yampasa kumtaka radhi. Na lau alikuwa amewasili jana, bado neno lake juu ya mapato ya wakfu lingepimwa kwa haki yake, si kwa jina la babu yake. Wakfu una masharti ya aliyeuweka, na wasimamizi wake wana amana. Mwenye kuuliza hesabu kwa adabu ajibiwe kwa hesabu. Twakhofia kwamba mara nyingi swali la "wewe ni wa wapi?" huulizwa pale ambapo mtu hataki kulijibu swali la "fedha ziko wapi?"

Basi ndugu zetu, mwenye kuzaliwa hapa na ashukuru kwa kutenda, na aliyehamia na atie mkono. Kila mtu na ajiulize si mji gani uliomzaa tu, bali ni mji gani utakaomkosa akiondoka: kisima gani kitakauka, darasa gani litafungwa, jirani gani atalala na njaa. Hapo atajua yeye ni mtu wa wapi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupendezeshee miji yetu kwa kheri, na awape amani walio mbali na walikozaliwa, na atuunganishe nyoyo kama alivyoziunganisha za Muhajirina na Ansari. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.